Dada Nekesa, Nimeigusa

Mpendwa dada yangu Nekesa,

Kaa vizuri huko uliko, maana leo sikuja kulia. Nimekuja kujigamba. Ile programu yako ya kliniki, uliyoiandika juu ya paa letu hapa Kware huku ukilinda nguo, ile ambayo watu walisema ni takataka itupwe, leo asubuhi imefungua tawi la pili na haikukwama hata mara moja. Narudia usikie vizuri: haikukwama! Akina mama wameandikishwa tangu mlango ulipofunguliwa, meseji zimeingia kwenye simu zao, na Daktari mwenyewe amenishika mkono mbele ya wauguzi wote. Ungekuwepo ungepiga vigelegele mpaka watu wa ghorofa za chini wadhani kuna mahari inapokelewa.

Nimekaa hapa juu ya paa, pale pale petu, nimevaa sweta yako ya kijani. Nguo za watu zimeanikwa pande zote na mimi nalinda za Mama.

Unakumbuka tulivyokuwa tukipandishwa huku kila Jumamosi? Kware nguo ikiachwa kwenye kamba bila mwenyewe ni sadaka, anayepita anashukuru Mungu anaenda nayo. Kwa hiyo Mama alikuwa anatutuma sote wawili, wewe ulinde nguo na mimi nikulinde wewe usisinzie. Wewe ukaona saa nzima ya kutazama shuka ni hasara, ukaanza kupanda na ile laptopu yako kuukuu iliyong'oka herufi N. Ulikuwa unaibonyeza kwa kifuniko cha kalamu. Wasichana wawili wa nyumba moja, Nekesa na Naliaka, na herufi inayokosekana ni N. Tulicheka siku hiyo mpaka soksi za mpangaji wa chumba cha kwanza zikaibwa tukiwa tumezikodolea macho.

Wakati huo ulikuwa umeajiriwa mapokezi kwenye kliniki ya akina mama kule mtaa wa Fedha, na ulikuwa umechoka kuona wanawake wakisahau tarehe zao. Ukamwambia Daktari, "Nipe nafasi niwakumbushe kwa simu." Hakuna aliyekutuma. Ukajifunza mwenyewe, ukaandika programu inayoshika tarehe za mama mjamzito na za mtoto wake, na siku moja kabla ya kliniki mama anapata meseji. Mimi niliyekuwa chuoni nasomea kazi hiyo hiyo nilikuwa sijaandika chochote ambacho mtu yeyote anakitumia.

Lakini tuseme ukweli, kwa vile wafu hawanuni. Dada, ulikuwa fundi wa ajabu na mchafu wa ajabu. Uliandika jicho moja likiwa kwenye skrini na lingine kwenye kamba, na ilionekana. Kipande kinachotuma meseji tena mtandao ukirudi baada ya kupotea ulikiita "stima imerudi", kama tunavyoshangilia umeme ukirudi. Palikuwa na faili la "hii ndiyo", halafu "hii ndiyo kabisa", halafu "hii ndiyo ya mwisho aki" kama mtu anayeapa, na iliyokuwa inafanya kazi kweli ilikuwa ile ya kwanza! Ukitaka kitu kifanyike mahali pengine, hukijengi vizuri mahali pamoja kitumike kote, unakinakili chote unakibandika. Nilipokuwa nikikuuliza kwa nini husafishi ulikuwa na jibu moja tu.

"Naliaka, mimi nilizaliwa wakati wa mavuno, wewe wakati wa palizi. Ndiyo majina tuliyopewa. Mimi navuna. Wewe palilia."

"Kwani mtu anavuna kabla ya kupalilia?"

"Mimi ndiye mkubwa. Navuna ninapotaka."

Hukuwa na haya hata kidogo, na nilikupenda hivyo hivyo.

Halafu ikatokea siku ya Mama Brayo. Sijawahi kuisimulia kwa mtu, lakini leo naisimulia kwa sababu kila kitu kilianzia pale. Mama Brayo, jirani yetu wa mlango wa pili, alikuwa amejifungua mdogo wake Brayo na mtoto hakukaa. Tulikuwa tumekwenda naye kumzika mtoto, tumempikia chai ya matanga, tumemshika mkono. Ikaja Jumamosi moja tukiwa hapa juu, akapanda ngazi polepole akiwa amevaa leso tu na simu mkononi, akakunyooshea. Kwenye simu palikuwa na meseji yako: Mama, mtoto wako ametimiza wiki sita, mlete kliniki apate chanjo.

Akauliza kwa sauti ya chini, "Nekesa, hii ni nini?"

Uliisoma, ukaiweka laptopu chini. Ulimkumbatia mkalia pamoja katikati ya shuka za watu. Alipoteremka, ukafungua laptopu ukaandika bila kuinua kichwa mpaka jua likageuka, na nguo zetu nililinda peke yangu. Uliandika kipande kinachomtafuta mama aliyefiwa na kuzuia meseji zote za mtoto zisimfikie. Ukakiita "mama brayo". Na juu yake ukaandika kwa herufi kubwa: USIGUSE HII. NIULIZE MIMI.

Kisha ugonjwa ukakuchukua haraka hivyo, na wa kuulizwa akawa hayupo.

Daktari alinipa kazi yako. Nilishukuru, lakini wiki za kwanza zilinitoa jasho. Nikirekebisha tarehe, ripoti ya mwezi inakataa kutoka. Nikitengeneza ripoti, majina ya akina mama yanajipanga vibaya. Naziba hapa panavuja pale. Sista Akoth wa mapokezi, unavyomjua mdomo wake, alikuwa akiniona naingia anasema, "Haya, leo unatuharibia nini?" Kile kipande cha USIGUSE kilikuwa katikati ya kila kitu, na kila nilipokifikia nilizunguka kando nikaongeza kitu kingine pembeni. Ningesafisha vipi kitu nilichokuwa naogopa hata kukisoma? Uchafu ukaongezeka, na safari hii ulikuwa wangu.

Daktari alipoamua kufungua tawi huku Kware, alimwita bwana mmoja aliyevaa tai anayeuza mfumo uliotengenezwa tayari. Wakaniita na mimi. Daktari alinipenda, sikatai, ndiyo maana alisema polepole. "Naliaka, sitaki kukuumiza. Dada yako alitusaidia sana. Lakini hii programu inaendeshwa na mtu ambaye hatuwezi kumwuliza."

Nikamgeukia yule bwana. "Mfumo wako unafanya nini mama akifiwa na mtoto?"

Akafikiria, na nampa heshima yake kwamba hakunidanganya. "Hicho hakipo. Muuguzi anaweza kumwondoa mwenyewe kwenye orodha."

"Akikumbuka."

"Ndiyo. Akikumbuka."

Nikaona ile leso na ile simu iliyonyooshwa. Nikamwomba Daktari anipe nafasi mpaka siku ya kufungua tawi. Akakubali kwa sharti moja: ikianguka siku hiyo, yako inazimwa na ile ya kununuliwa inaingia. Nilitoka pale nikiwa nimebeba neno kubwa na mikono mitupu, kwa sababu, dada, nilikuwa siwezi kufuta hata mstari wako mmoja. Kila mstari ulikuwa sauti yako. Hata lile faili la "ya mwisho aki" lisilofanya kazi yoyote, nilikuwa nalifungua tu nikusikie ukilalamika, halafu nalifunga.

Aliyenifungua si mwalimu wa chuo. Ni Senge, shangazi yetu.

Ilikuwa imefika siku ya kugawa nguo zako nyumbani kijijini Kimilili, alikobaki Mama tangu mazishi. Mama alikuwa ameiahirisha na kuiahirisha, sanduku lako limefungwa chini ya kitanda na yeye mwenyewe analala juu yake. Senge akakaa kwenye mkeka, dada ya Baba unavyomjua, hapepesi macho. Akasema liletwe. Mama akaanza, "Ziacheni kwanza, bado zina harufu yake."

"Mama Nekesa," Senge akamwambia, "nguo ya marehemu ikikaa sandukuni inaliwa na nondo, na nondo si wa ukoo wetu."

Watu walicheka huku wanalia. Senge akafungua. Moja moja anaiinua, anaigeuza, anaitazama kwenye mwanga. Inayofaa inapata wa kuivaa palepale. Iliyo nzuri lakini imechafuka inatengwa ifuliwe kwanza. Iliyoraruka kabisa inakwenda kuchomwa, na hakuna kuomba msamaha. Alipofika kwenye sweta ya kijani akanirushia usoni. "Wewe vaa. Usiitunze, ivae."

Nilienda nyuma ya nyumba nikalia vya kutosha. Kisha nikaanza kucheka peke yangu, maana nilikuwa nimejua kwamba una sanduku la pili, liko kliniki, na mimi ndiye niliyekuwa nimelala juu yake.

Nilirudi Nairobi na sweta mwilini. Kwanza niliweka nakala ya programu nzima kama ulivyoiacha, na ipo hadi leo, anayetaka kukuona anaweza kurudi nyuma akakuona. Hapo nikaweza kuanza kufuta. Kufuta si kuzika, kwa sababu hakuna kilichopotea.

Halafu nikajiwekea sheria kwamba sigusi kitu kabla ya kujua kinafanya nini sasa hivi, kwa macho, si kwa kukisia. Nikaandika majaribio madogo. Nikabuni akina mama wa uongo: huyu ana mimba changa, huyu mtoto wake anaanza chanjo, huyu amebadilisha namba, huyu anatumia simu ya jirani. Nikaipa programu majina yao nikatazama inajibu nini. Na mama mmoja nikambuni aliyefiwa. Kwake jibu sahihi ni kimya.

Sasa sikia hili, na ushike kiti. Kimya hakikutokea kila mahali. Kwa chanjo, kimya. Kwa kliniki ya kawaida, kimya. Kwa meseji ya kupima uzani wa mtoto, ikatoka! Nilidhani nimekosea. Nikarudia, ikatoka tena. Nikafuata mstari kwa mstari nikaona: ulikuwa umenakili kile kipande chako ukakibandika kila mahali panapotuma meseji, na mahali pa mwisho ukapasahau. Huduma ya uzani ilikuwa bado haijaanza Fedha, kwa hiyo hakuna aliyeumia. Ilikuwa ianze na tawi la Kware, siku ile ile ya kwanza. Yaani tungefungua mlango kwa shangwe, na mama mmoja mahali fulani kwenye haya maghorofa angeshika simu kama alivyoishika Mama Brayo.

Nilikasirika nawe, dada. Lazima nikwambie. Nilisema kwa sauti pale mezani, "Nekesa, ulisema nisiguse!" Sista Akoth akanichungulia mlangoni akarudi zake. Kisha nikakuona tena ulivyokuwa siku ile, macho yamevimba, unaandika bila kuinua kichwa. Ulikuwa unaziba kidonda haraka. Hukumaanisha kisiguswe milele. Ulimaanisha kwamba ungekuwepo.

Basi nikagusa.

Nilikitoa kile kipande kila ulipokibandika nikakiweka mahali pamoja tu, na meseji zote zikalazimika kupita hapo kama watu wa ploti wanavyopita geti moja. Majaribio yakajibu kimya, kimya, kimya. Nilisimama nikacheza, mimi na sweta yako.

Hayo mengine sikuyafanya kwa pupa. Unajua zamu ya korido hapa kwetu: hakuna anayeosha jengo zima, lakini kila anayeshuka na ndoo anashuka na taka iliyo njiani. Nikaifanya hiyo ndiyo desturi yangu. Nikifungua faili kwa kazi yoyote, siliachi nilivyolikuta. Nabadilisha jina moja lisiloeleweka, au nafuta mistari isiyotumika popote, au nakata kipande kirefu viwe viwili vinavyosomeka. Kitu kimoja, kisha natoka. Na nilimfuata Mama. Unakumbuka alivyokuwa akitukataza kukaanga siku ya kufua, kwa sababu chumba ni kimoja na moshi wote unaingia kwenye nguo? Basi siku ya kusafisha siongezi kazi mpya, na siku ya kuongeza kazi sisafishi. Kitu kikiharibika najua kimeharibiwa na mkono gani. Kila badiliko naliandikia maneno machache ya kwa nini, ili atakayekuja asilazimike kunitafuta. Sista Akoth akaacha kuniuliza naharibu nini. Siku moja akaniletea mandazi bila kusema kitu, nikajua tumefika mahali.

Lile jina la "mama brayo" lilinisumbua. Mimi najua maana yake, lakini mgeni angejuaje? Nikaona si haki kulibadilisha kabla ya kumwambia mwenyewe. Nikamkuta anaanua nguo hapa juu, tumbo limeshachomoza, maana Mungu amemkumbuka, Nekesa! Nikamwambia jina lake liko ndani ya kompyuta ya kliniki.

"Jina langu? Kwani nilifanya nini?"

Nikamweleza yote. Akakaa juu ya beseni lililopinduliwa. "Aki huyo msichana," akasema. "Hakuniambia. Na ni wangapi hawakupata ile meseji kwa sababu yangu?"

"Sijui, Mama Brayo. Lakini wapo."

"Basi ondoa jina langu uweke ile kazi yenyewe. Hata akija mtoto wa kesho asome aelewe bila kuniuliza." Akapangusa macho kwa soksi ya Brayo. Sasa kipande hicho kinaitwa "usimtumie mama aliyefiwa", na anayekisoma haulizi swali.

Ndipo tukafika leo. Yule bwana wa tai alikuja pia, alikuwa amealikwa, akasimama nyuma na begi lake. Foleni ilianzia mlangoni ikazunguka mpaka kwa muuza viazi. Sista Akoth kwenye kompyuta, mimi nyuma yake nimeuma ukucha. Mama wa kwanza, jina, tarehe, namba. Wa pili. Benchi likajaa. Mtandao ukakatika kidogo kama kawaida ya huku, ukarudi, na kile kipande chako cha "stima imerudi" kikatuma kila kilichokwama. Hicho jina lake nimelibadilisha, lakini kazi ni yako mstari kwa mstari. Sikuona haja ya kuirekebisha kazi nzuri.

Kisha simu zikaanza kulia kwenye benchi kwa meseji za kuthibitisha tarehe, moja, nyingine, nyingine. Akina mama wakachungulia kwenye mikoba. Mama Brayo alikuwa kati yao. Akaitoa yake, akaisoma tarehe ya kliniki ya mimba hii mpya, akanitafuta kwa macho juu ya vichwa vya watu, akainua simu ile kama alivyokunyooshea wewe siku ile.

"Naliaka!" akaita mbele ya watu wote. "Hii nimeipokea."

Daktari akaja kunishika mkono, yule bwana akafunga begi lake akasema kwa upole, "Kazi safi," nami nikamwambia, "Ni ya dada yangu." Akaniuliza yuko wapi nimsalimie. Nikamwambia amekwenda kuvuna.

Kwa hiyo ndiyo hiyo, dada. Programu yako imepungua karibu nusu na inafanya kazi mara mbili. Zilizoraruka nimechoma. Zilizochafuka nimefua. Zinazofaa zinavaliwa na watu usiowajua, Kware na Fedha. Jioni imeingia, shuka za Mama zimekauka zote na hakuna iliyoibwa, hata soksi.

Kabla ya kupanda huku nilifanya jambo moja la mwisho. Nilirudi pale ulipoandika USIGUSE HII, NIULIZE MIMI. Nilikuwa nimeliacha hilo onyo peke yake kwa sababu ni sauti yako, na nilikuwa najidanganya kwamba halimsumbui mtu. Leo nimelifuta. Mahali pake nimeandika hivi: GUSA. MAJARIBIO YATAKUJIBU. ALIYEIANDIKA ALIKUWA NA HURUMA, NAWE UWE NAYO.

Lala salama, mwenye mavuno. Hatuna tena la kukuuliza, tuna la kukushukuru.

Ni mimi mdogo wako wa palizi, ninayeivaa sweta, nisiyeitunza,

Naliaka